Hilux inadunda nyuma ikipanda mlima: traksheni baa ipi inafaa, au mafundi wananila tu?

#1 Mpanda_57
Wakuu salaam. Nina Hilux Vigo dabo kebini, injini 3.0 D4D, gia za mkono. Kazi yake ni kushusha viazi kutoka Matamba hadi Chimala, kwa hiyo zile kona 57 tunafahamiana vizuri. Nyuma iliinuliwa kwa bloku za inchi tatu kati ya ekseli na springi, na tairi ni 265/75R16.

Nikipanda gari likiwa tupu, nikakutana na kokoto au mfereji uliochimbwa na maji, nikikanyaga mafuta tu nyuma inaanza kudunda, du-du-du, mpaka viti vinatikisika. Krosi joint ya nyuma (kiungo cha propela shafti) ilishakatika katikati ya kona, tukalala hapohapo mimi na utingo na baridi ile ya kule juu mnaijua.

Fundi wa kwanza anataka kunifungia traksheni baa mbili, yaani vyuma vya kuzuia ekseli isijipindue, kila upande moja, kutoka chini ya ekseli hadi kwenye chesisi, bolti huku na huku. Wa pili anasema hizo ni hela za bure, niongeze pleti mbili za springi. Wa tatu kacheka. Nani yuko sahihi? Na kama ni baa, ya aina gani?

#2 Kiazi_Mviringo
Wa tatu.

#3 Chuma_Gerezani
Mkuu, injini inapozungusha matairi kwenda mbele, ganda la difu nalo linataka kuzunguka kinyume chake. Pua ya difu, pale propela shafti inapoingia, inapanda juu. Cha kuizuia ni springi peke yake. Nusu ya mbele ya springi inabinuka upande mmoja, nusu ya nyuma upande wa pili, ukichungulia ubavuni unaona herufi S. Tairi likiteleza, springi inafyatuka. Tairi likishika, inajikunja tena. Huo ndio mdundo wako. Na kila pua inapopanda, krosi joint inazunguka kwenye pembe kali kuliko ile iliyopangiwa, ndiyo maana imekatika.

Sasa wewe umepachika bloku za inchi tatu hapo katikati. Umeipa ekseli mkono mrefu wa kuibinulia springi. Toa bloku, weka springi zenye tao la kutosha kukupa huo urefu, halafu urudi tuongee habari za baa.

#4 BiHawa_Usafirishaji
Chuma, hizo springi mpya atazinunua kwa viazi? Mtu kauliza baa.

#5 Jua_Kali_Nakuru
Vipi wadau. Mimi niko Nakuru, hizi baa natengeneza kwa magari ya watu wa mashamba na wa mchezo wa milimani. Wacha niwape hesabu. Hiyo injini ina 343 Nm (kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Zidisha gia ya kwanza, kama 4.3. Zidisha transfa ikiwa 4L (gia nzito ya tairi zote nne), 2.566. Zidisha difu, tuseme 3.9. Unapata karibu 14,800 Nm zinazojaribu kupindua hiyo ekseli. Springi gani itashikilia? Weka baa, story imeisha.

Lakini baa ya fundi wako wa kwanza, hapana. Ekseli ikipanda na kushuka kwenye springi inafuata njia yake, na baa ya bolti huku na huku inafuata njia nyingine. Hizo njia mbili hazikutani. Kitu kimoja lazima kiachie: bushi, senta bolti ya springi, ama mabano yanang'oka kwenye chesisi. Kwa lori la kuvuta trela kwenye lami, ambalo ekseli yake haitembei sana, inaweza kukubali. Kwa mlima wenye mitaro, utarudi umebeba hiyo baa kwa bodi.

#6 Mpanda_57
Asante Nakuru. Sasa baa isiyogombana na springi ikoje?

#7 Jua_Kali_Nakuru
Ni moja tu, ya katikati, karibu na pua ya difu. Nyuma inashika ekseli sehemu mbili, juu na chini, inakuwa pembetatu. Mbele inakuja kwenye ncha moja yenye bushi, na hiyo ncha haifungwi moja kwa moja kwenye chesisi. Inaning'inia kwenye shakeli (kiungo kifupi kinachobembea), na shakeli ndiyo inashika kipande cha chuma kinachokatiza chesisi. Ekseli ikitaka kwenda mbele au nyuma kidogo, shakeli inacheza. Ekseli ikitaka kujipindua, baa inasukuma juu au chini, na shakeli huko haiendi. Urefu wa baa ufanye ukaribiane na wa propela shafti, ili pua ya difu iendelee kuitazama transfa springi inapojikunja na kunyooka.

Bomba la inchi moja na nusu, ukuta milimita 6. Bushi tumia za springi za Hilux yenyewe, zinapatikana kila duka. Bolti za 10.9. Na usichukue bomba la maji lenye zinki, moshi wake ukilichomelea utakulaza kitandani na homa.

#8 Injinia_Mtoro
Jua Kali amenukuliwa:
> Unapata karibu 14,800 Nm zinazojaribu kupindua hiyo ekseli.

Hapana. Hiyo ingetokea kama matairi yangekuwa yamechomelewa kwenye mwamba. Tairi linateleza mapema sana kabla ya hapo, na likiteleza, nguvu imefikia mwisho wake. Gari tupu lina labda kilo 1,000 juu ya ekseli ya nyuma. Mshiko tuseme 0.8, nusu-kipenyo cha 265/75R16 ni mita 0.4 hivi. Jibu ni kama 3,100 Nm, na hiyo ni kwenye ardhi kavu inayoshika. Kwenye kokoto ni chini ya hapo.

Kuhusu bloku, Chuma yuko sahihi ila anatisha watu. Ile nguvu inayosukuma gari mbele inapita katikati ya ekseli, springi iko juu yake. Inchi tatu zaidi, yaani milimita 76, kwa msukumo huohuo inaongeza kama 600 Nm. Ni asilimia 19 hivi. Siyo ndogo, lakini gari ambalo halikuwa linadunda kabisa haliwezi kuanza kuvunja krosi joint kwa bloku peke yake. Kuna kitu kingine.

#9 Jua_Kali_Nakuru
Injinia, hesabu yako ni ya tairi lililotulia chini. Tairi likiruka hewani, injini inalikimbiza, halafu linatua na kushika ghafla. Hiyo nguvu ya kutua umeiweka wapi? Hiyo ndiyo inakata krosi joint.

#10 Injinia_Mtoro
Hoja nzuri. Lakini inathibitisha kwamba shida ni kudunda, siyo ukubwa wa nguvu. Na kudunda kuna sababu nyingi.

#11 Utingo_Mstaafu
Mimi naona wote mmepita swali moja. Gari LIKIWA TUPU. Mkuu Mpanda hajasema linadunda likiwa na magunia. Kwa hesabu ya Injinia mwenyewe, ukiweka tani moja ya viazi mshiko unakuwa mara mbili, kwa hiyo ekseli ingejikunja mara mbili. Sasa mbona likiwa na mzigo halidundi?

#12 Kiazi_Mviringo
Kwa sababu likiwa na mzigo linashuka, halipandi 😂 Viazi vinatoka Matamba, haviendi Matamba.

#13 Utingo_Mstaafu
Kupanda linabeba mbolea, mdogo wangu. Uliza watu wa Makete.

#14 Mpanda_57
Ni kweli, na mbolea ikiwa ndani halidundi. Linapanda taratibu bila kelele.

#15 BiHawa_Usafirishaji
Basi jibu mnalo. Springi zake zimekazwa kwa ajili ya mzigo. Gari tupu linakaa juu ya springi ngumu, tairi halina uzito wa kulikandamiza, linateleza na kushika. Nina pikapu tatu njia ya Ifakara hadi Mahenge. Madereva wangu wakirudi tupu nawaambia waweke viroba vya mchanga juu ya ekseli, viwili vitatu. Hakuna baa wala nini. Fundi wa pili anayetaka kuongeza pleti ataharibu zaidi, gari likiwa tupu litakuwa gumu mara mbili.

#16 Chuma_Gerezani
BiHawa, pleti ikiongezwa inategemea inawekwa wapi. Kinachojikunja zaidi ni nusu ya mbele ya springi, kuanzia jicho la mbele hadi ekseli. Ukiweka pleti fupi upande wa mbele tu, nusu ya nyuma ukaiacha ifunguke kama kawaida, unapata ugumu pale ekseli inapojipindua bila kuharibu sana ulaini wa kubeba. Njia ya bei rahisi zaidi ni zile klipu za kubana pleti. Kaza klipu za nusu ya mbele kabisa, legeza za nyuma. Springi yenyewe inakuwa baa. Wamarekani wa mashindano ya mbio fupi wamefanya hivyo miaka mingi.

#17 Bongo_Ohio
Nathibitisha la Chuma. Huku ugonjwa huu ni wa zamani sana. Camaro ya 1967 ilitoka na springi za pleti moja, ikawa inadunda ukikanyaga. Mwaka 1968 wakahamisha shokapu, moja ikawekwa mbele ya ekseli na nyingine nyuma yake, ili zipingane na ekseli inapojipindua. Kabla ya hapo, Shelby GT350 ya 1965 ilikuwa na baa za aina hii kutoka kiwandani, zimepita juu ya ekseli.

Zipo pia baa fupi za kupiga springi. Zinafungwa chini ya springi kwa yubolti, mbele zina kipande cha mpira. Ekseli ikijipindua, mpira unagusa springi karibu na jicho la mbele na kuikandamiza. Bei ndogo, hakuna kuchomelea. Ila zinakula nafasi chini ya gari. Kwenye lami safi. Kwenye mawe zitakuwa plau.

Mpanda, chungulia chini ya gari lako. Shokapu zako zimekaaje?

#18 Mpanda_57
Moja mbele ya ekseli, moja nyuma. Ya nyuma ina mafuta mafuta kwa nje.

#19 Injinia_Mtoro
NDIYO HIYO. Shokapu imevuja! Mnachomelea gari la watu wakati shokapu imekufa.

#20 Jua_Kali_Nakuru
Shokapu ikivuja mdundo unaongezeka, sikatai. Lakini hiyo shokapu imekufa kwa sababu ya nini? Imepigwa na ekseli inayodunda. Usichanganye mgonjwa na ugonjwa.

#21 Injinia_Mtoro
Au imekufa kwa sababu gari limeinuliwa inchi tatu na shokapu ni za urefu uleule wa kiwandani, kila tairi likining'inia inavutwa hadi mwisho. Mpanda, ulibadilisha shokapu ulipoinua?

#22 Mpanda_57
Gereji iliyoinua waliniambia hazina shida, zinafika.

#23 Kiazi_Mviringo
"Zinafika." Hata mimi Dar es Salaam nafika kwa miguu.

#24 Mswahili_Maskati
Asalaam alaykum. Huku Omani Land Cruiser 79 za springi za pleti ndizo punda wetu, na mchangani kudunda tunakujua. Sijasikia mtu akiuliza upepo wa matairi. Mpanda, unapanda na ngapi? Kijana akiupandisha mlima wa mchanga na upepo wa lami, nyuma inadunda mpaka anachimba kaburi. Akishusha hadi psi 18 au chini ya hapo, gari lilelile, dereva yuleyule, linapanda kimya. Kwenye kokoto usishuke sana, mawe yatakata ubavu wa tairi, lakini kati ya psi 35 na 24 pana tofauti kubwa.

#25 Mpanda_57
Sheikh, najaza 45 kwa sababu ya mzigo. Nikipanda tupu huwa sipunguzi, nani ataujaza tena juu kule?

#26 Mswahili_Maskati
45 gari tupu! Hapo unaendesha juu ya mawe manne. Nunua pampu ndogo ya betri, haizidi bei ya hiyo krosi joint.

#27 Utingo_Mstaafu
Na mguu. Gari likianza kudunda mguu wa mafuta utoke SAA HIYOHIYO. Vijana wanaongeza mafuta wakidhani watalivusha. Lini mmeona likivuka? Unatoa mguu, unarudi nyuma kidogo kwa breki, unachagua mstari mwingine, gia ya chini, unapanda taratibu. Zamani magari hayakuwa na hizo baa na mbao za Makete zilishuka.

#28 Chuma_Gerezani
Zamani, mzee wangu, injini zenyewe zilikuwa hazina nguvu ya kujipindua. 😀 1HZ ya Land Cruiser ina lita 4.2 bila tabo na Nm 285, ilhali Hilux za sasa za lita 2.8 zenye gia otomatiki zinatoa 500. Springi za pleti ni zilezile za tangu mkoloni.

#29 Utingo_Mstaafu
Ndiyo maana 1HZ zipo hadi leo.

#30 Fundi_Mwanjelwa
Habari wakuu. Mimi nipo Mbeya na pengine gari la mkuu nimeshaliona likipita. Niongeze mambo mawili ambayo hayajaguswa.

Kwanza, dabo kebini ina propela shafti ya vipande viwili na senta bearing katikati. Ukiinua nyuma, pembe ya kipande cha nyuma inabadilika na krosi joint inaumia hata barabara tambarare. Kabla ya baa, pima pembe ya pua ya difu. Hapo huwa tunaweka kabari ya nyuzi mbili tatu kati ya springi na ekseli, pamoja na vipande vya kushusha senta bearing. Na hesabu ya Jua Kali ya urefu wa baa ulingane na shafti, kwa shafti ya vipande viwili uchukue kile kipande cha nyuma tu, tangu senta bearing.

Pili, na hili ni la usalama. Hilux nyingi zina valvu ya breki iliyounganishwa kwa fimbo na ekseli ya nyuma. Kazi yake ni kusikia mzigo. Gari likikaa chini, inaruhusu breki zaidi nyuma. Sasa mkiinua inchi tatu, valvu inadhani gari ni tupu siku zote. Unashuka kona 57 na tani ya viazi, breki za nyuma zinafanya nusu kazi, za mbele zinaungua. Mpanda, waliorekebisha springi waliigusa hiyo fimbo?

#31 Mpanda_57
Mkuu umenitisha. Breki za mbele huwa zinanuka nikifika Chimala. Nilidhani ni kawaida ya mlima.

#32 BiHawa_Usafirishaji
Jamani mwanangu, acha baa kwanza. Kesho asubuhi gari liende likaangaliwe hiyo valvu kabla ya kubeba hata gunia moja.

#33 Jua_Kali_Nakuru
Mwanjelwa amesema ukweli kuhusu valvu, hiyo ni ya kwanza. Lakini kabari inasahihisha pembe gari likiwa limesimama. Ukikanyaga, pua inapanda tena. Kabari haizuii kujikunja, inahamisha tu pa kuanzia.

#34 Fundi_Mwanjelwa
Ndiyo maana tunaacha pua ichungulie chini kwa nyuzi moja au mbili kuliko inavyotakiwa, ili ikipanda ikutane na mstari.

Na kwa watakaotengeneza baa: ganda la difu lisichomelewe mzunguko mzima kwa mara moja. Linapinda, halafu bearing na sili za ekseli zinakufa bila kujulikana kwa nini. Chomelea vipande vifupi kwa kupokezana pande, acha lipoe lenyewe, msimwagie maji. Terminali za betri zitoke, injini ya D4D ina kompyuta. Chesisi nayo usiichomelee kwa mstari unaokatiza ubavu wake, hapo ndipo itakapopasuka. Kile chuma cha kukatiza kifungwe kwa bolti na bamba la kutosha.

#35 Rafiki_wa_Bukavu
Batu ya Tanzania, jambo. Huku kwetu barabara ni matope tu. Kaka mmoja aliweka ile baa ya katikati, gari haidundi tena, ni kweli. Lakini matope na majani yanajaa pale kwenye shakeli, na siku moja kisiki kiliingia kati ya baa na shafti. Tulikata na msumeno. Mtengeneze baa iwe juu kidogo, isipite chini ya ganda la difu.

#36 Kiazi_Mviringo
Kufikia hapa Mpanda ana valvu, shokapu, upepo, kabari, klipu, viroba vya mchanga, mguu wake mwenyewe na kisiki cha Bukavu. Fundi wa tatu bado anacheka.

#37 Injinia_Mtoro
Kuna kipimo rahisi, hakihitaji ubishi. Simamisha gari mahali tambarare, tairi za mbele ziegemee jiwe kubwa au kizingiti. Weka 4L, gia ya kwanza, achia klachi taratibu huku breki ya mkono ikiwa imeshika. Simu iwe chini pembeni, imeegeshwa kwenye tofali, inarekodi pua ya difu. Mtu asikae chini wala mbele ya gari! Kama pua inapanda kidogo tu, tafuta ugonjwa kwenye shokapu, bushi na upepo. Kama inanyanyuka waziwazi na springi inatengeneza ile S, Jua Kali ana hoja. Angalia na bushi za jicho la mbele la springi, zikiisha ekseli inatembea mbele na nyuma na mdundo unafanana kabisa.

#38 Chuma_Gerezani
Breki ya mkono inashika hizohizo tairi za nyuma, Injinia. Ukizishika ngoma, nguvu inaishia ndani ya ganda lenyewe, ekseli haijipindui inavyotakiwa. Tumia jiwe peke yake, breki ya mkono iache.

#39 Injinia_Mtoro
Basi jiwe liwe kubwa.

#40 Mpanda_57
Asanteni wakuu. Valvu imeangaliwa, fimbo yake ilikuwa imening'inia bila kuguswa tangu gari linainuliwa, imerekebishwa. Shokapu ndefu nimeagiza. Nimepanda na psi 28, mdundo umepungua ila kwenye ule mtaro wa juu bado upo. Video ya difu nimeipiga: pua inapanda, mwanangu anasema kama vidole viwili, mimi naona kimoja.

#41 Jua_Kali_Nakuru
Vidole viwili! Nitumie vipimo nianze kukata bomba.

#42 Chuma_Gerezani
Kidole kimoja. Na bloku bado zimo. Zitoke.

#43 BiHawa_Usafirishaji
Weka viroba vya mchanga.

#44 Canter_ya_Mbozi
Samahani wakuu, nimesoma uzi wote. Mimi Canter yangu inadunda mbele, siyo nyuma, nikifunga breki. Hiyo baa inaweza kufungwa mbele?

#45 Utingo_Mstaafu
Fungua uzi wako.